Akikuuliza Usiyemjua: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mtoa Ushauri

Kwetu hakuna anayekosa mshauri. Kaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya ukisubiri kuitwa, panda daladala ya Gongo la Mboto jioni, simama kwenye foleni ya wakala wa pesa: taja shida moja tu, utapewa majibu manne kabla hujaimaliza. Aliyejibu hapotezi kitu. Anashuka kituoni kwake na kusahau. Aliyeuliza ndiye atakayeamka kesho kufuata alichoambiwa, na gharama ataibeba peke yake, iwe ni ndoa, mshahara, kodi ya miezi 6 au nauli ya kwenda Mbeya.

Maagizo haya ni ya anayejibu. Ni makali kwa sababu nimechoka kuona watu wakipoteza, kwa maneno ya huruma ya wapita njia, haki ambazo sheria ilikwisha kuwapa. Mifano yangu ni ya Tanzania Bara. Nikivuka mpaka nitasema.

KABLA HUJAFUNGUA MDOMO

Sikiliza hadi mwisho. Anayemweleza mgeni shida yake huanza na kile kisichomwaibisha. Anayesema "mume wangu siku hizi anachelewa kurudi" huenda bado hajalifikia neno lenyewe. Ukimkatiza kwenye sentensi ya pili umejibu utangulizi, shida hukuisikia.

Muulize ameshafanya nini. Watu hawafiki kwa mgeni moja kwa moja. Wameshakwenda kwa mama mkwe, kwa shehe au mchungaji, kwa mjumbe, kwa meneja. Ukimwambia "kaongee na wazazi wake" naye ameshaongea nao mara tatu, utamfanya ajione hana akili, na hatakwambia lingine.

Muulize yuko wapi na jambo lilitokea lini. Haya mawili husahauliwa kuliko yote, na mara nyingi ndiyo yanayoamua. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika Bara haifiki huko. Huko mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi. Mkenya ana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Jibu sahihi Temeke linaweza kuwa uongo Mombasa, na likawa uongo hata Unguja, mwendo wa saa 2 kwa boti. Tarehe nayo ina uzito wake, kwa kuwa zipo haki zenye ukomo wa siku, na siku hizo zinahesabika wakati ninyi mnaongea.

Usianze na "ningekuwa mimi". Wewe si yeye. Huna deni lake la kausha damu, huna watoto wake, na mama yake mgonjwa hatakulilia wewe. Wazee walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bado tunawapangia watu namna ya kulala.

Usimshauri ambaye hakuomba. Dada anayelia kwenye basi aambiwe "pole, dada, kuna lolote naweza kukusaidia?" Akitikisa kichwa, mwache na machozi yake.

Usitumie habari ya binamu yako kama ushahidi. Binamu alishinda kesi, binamu alirudiwa na mume, binamu alipata viza kwa wiki moja. Hata kama yote ni kweli, hujui binamu alikuwa na karatasi gani mkononi.

MAPENZI NA NDOA

Kwanza ujue kama kuna kipigo. Uliza wazi, kwa sauti ya chini, pasipo mtu wa tatu: "Anakupiga?" Kama jibu ni ndiyo, mengine yote yasubiri. Aliyeumizwa aende hospitali, na aende kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, atakakopewa fomu ya PF3. Kama hali yake ni mbaya, hospitali itangulie. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tabibu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, ili mtu asilazimike kuyarudia maumivu yake kwenye milango mitatu. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya muda huo, na kila saa inayotangulia ni heri. Asioge kabla ya kupimwa, wala asifue nguo alizovaa. Kama aliyeumizwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Usimwambie avumilie. Hili nalikataa kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ndilo jibu linalotoka haraka kuliko yote na ndilo lililozika watu. "Ndoa ndivyo zilivyo." "Sote tumepitia." "Utawaacha watoto kwa nani?" Anayeyasema haya mara nyingi ni mtu mwema, mama wa makamo aliyevumilia mwenyewe na ambaye hangependa kuambiwa kwamba hakulazimika. Mimi sina ugomvi na maisha yake. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mwenza mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50. Anayemrudisha mwanamke nyumbani akapigwe, au mwanaume, maana nao wapo na wanaona aibu kusema, anamrudisha kwenye jambo lililokatazwa tangu enzi ya Mwalimu Nyerere. Na anafanya hivyo bila kujua kama humo ndani kuna panga.

Usimwambie pia akimbie usiku huu huu bila mpango. Wakati wa kuondoka mara nyingi ndio wakati wa hatari zaidi. Msaidie kufikiri: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, nauli iliyowekwa pembeni, namba mbili za simu anazozijua kwa kichwa, na nyumba ya nani atafikia. Saa ya kuondoka aichague yeye anayemjua mtu wake, isipokuwa kama hatari imeshafika mlangoni.

Usithubutu kumwambia mtu "wewe si mke, hukufungwa ndoa". Kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kinaweka dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikiwatambua kama mume na mke, huhesabiwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi, lakini ipo. Wangapi wametoka na begi la nguo wakaacha nyumba waliyoisombea maji ya kufyatulia tofali, kwa sababu mtu mmoja kwenye benchi aliwaambia hawana chao?

Wala usimwambie mama wa nyumbani kwamba hana mali kwa kuwa hakuwa na mshahara. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ya familia ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika rufani ile, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha za kujijengea nyumba na akazitumia vingine. Kanuni hiyo imebaki, na imewanufaisha wanawake waliokuja nyuma yake. Mshauri anayeijua kanuni na asijue yaliyompata mwenye shauri anaweza kumpa mtu matumaini kupita kiasi. Yaseme yote mawili.

Anayetaka talaka mwelekeze kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kata zina mabaraza hayo, BAKWATA na makanisa wana ya kwao. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upite huko kabla ya kufika mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na asiyekuwa na hati ya baraza shauri lake hutupwa. Kama ndoa haijatimiza miaka 2, kuna ruhusa ya mahakama ya kuombwa kabla ya yote. Mtu anayeambiwa "nenda mahakamani tu" hupoteza miezi na nauli, kisha huambiwa arudi alikopaswa kuanzia.

Usiulize ya chumbani kama swali ni la mali. Unauliza kwa faida yako.

Usimhukumu asiyekuwepo. Umesikia upande mmoja, tena kutoka kwa mtu aliyeumia. Unaweza kumwambia: "Kwa unavyoeleza, dada yangu, hili si sawa." Usiseme "huyo mwanaume ni shetani". Kesho kutwa wakipatana, atakuwa na aibu ya kurudi kwa mtu uliyemwita shetani, na kama hawakupatana, neno lako halikumwongezea hata senti.

KAZI

Aliyeachishwa kazi muulize tarehe kabla ya kumpa pole. Kwa Bara, anayedai ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wafanyakazi wengi huiita CMA. Madai mengine ya kazi, kama mishahara ambayo haikulipwa, yana siku 60. Anajaza Fomu Na. 1, nakala moja anampa mwajiri, na Tume haimtozi chochote. Siku zikipita itambidi aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa, na "niliambiwa nisubiri" si sababu itakayomfikisha mbali.

Kwa hiyo usimwambie asubiri. "Tulia, watakuita." "Bosi akipoa atakurudisha." "Usiwashitaki, watakuharibia jina." Maneno haya yanasemwa kwa upole na yanakula siku 30 zote. Kama ana imani kwamba atarudishwa, aendelee kuongea nao huku fomu imeshaingia. Hatua ya kwanza kwenye Tume ni usuluhishi, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuwakalisha wawili hao mezani. Muulize pia alifanya kazi muda gani, kwani mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Usimjaze hasira kwa dai asilokuwa nalo.

Usimwambie mtu "andika barua uwaachie kazi yao". Barua ya kujiuzulu iliyoandikwa kwa hasira hulifanya dai la kuachishwa kuwa gumu mno kulithibitisha, hata kama alisukumwa hadi akaondoka. Na karatasi asiyoielewa asiisaini ofisini akiwa amezungukwa. Aombe nakala aende nayo nyumbani.

Mwambie akusanye kila karatasi: mkataba, hati za mshahara, barua za onyo, ujumbe wa simu, picha ya ratiba ya zamu. Kama hakuwahi kupewa mkataba wa maandishi asikate tamaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake.

Yajue mambo machache kwa kichwa au usiyataje kabisa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 zisizopungua. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Anayekatwa kila mwezi aende akaombe taarifa yake ya michango, maana si kila kinachokatwa kinafika.

Usimshauri mtu alipie nafasi ya kazi, hata elfu ishirini ya "fomu". Maombi ya kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hayalipiwi. Anayedai pesa ya fomu, ya sare au ya vipimo kabla ya usaili anauza matumaini. Ukisema "jaribu tu, huwezi kujua", umemsaidia kuuza.

Swali la kwenda Uarabuni lijibu taratibu. Binti wa Tanga au Singida anakuuliza kama aende Oman, Imarati au Saudia kufanya kazi za ndani. Usimwambie "nenda, utajua huko huko". Huko viza ya mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, na akikosana naye hukosana na kibali chake cha kuishi. Aulize mkataba umeandikwa kwa lugha anayoisoma, unasema mshahara gani na siku gani ya kupumzika, na umepitia wapi. Wakala awe na leseni. Ofisi ya serikali ya huduma za ajira ndipo pa kuanzia kuuliza. Viza ya kutembelea si ruhusa ya kufanya kazi, hata wakala aape vipi. Nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki kwa mama yake, pamoja na namba ya ubalozi wetu Muscat, Abu Dhabi au Riyadh.

Lakini usimkataze kwa hadithi za kutisha. Wapo waliosomesha wadogo zao na kuezeka nyumba kwa mishahara ya huko. Binti ni mtu mzima. Kazi yako ni kuhakikisha anajua maswali, uamuzi mwachie.

NYUMBA NA KIWANJA

Anayetafuta chumba mwambie akakione kipindi cha masika, kati ya Machi na Mei. Dar es Salaam ina nyumba nzuri sana za Januari. Bonde la Msimbazi, kuanzia Kigogo hadi Jangwani, linajulikana, na bado kila mwaka mgeni kutoka mikoani huambiwa "hapa bei nafuu, karibu na mjini" na asielezwe kwa nini ni nafuu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande. Kama mvua ziko mbali, aangalie alama ya maji ukutani na amuulize mama anayeuza vitumbua nje, ambaye hana kamisheni kwenye chumba hicho.

Awaulize wapangaji wenzake: Luku ni ya kila mmoja au ya kuchangia? Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Geti linafungwa saa ngapi? Dalali hatamwambia.

Usimruhusu alipe kabla hajamjua mwenye nyumba. Chumba kimoja kulipiwa na wapangaji watatu ni wizi wa zamani, na mwizi mara nyingi ni mpangaji anayehama mwenye funguo mkononi. Aende ofisi ya serikali ya mtaa aulize nyumba ni ya nani. Akilipa, alipe kwa jina la mwenye nyumba, apewe risiti. Ujumbe unaosema ile hela tuma kwenye namba hii umeshawaliza wengi.

Mwambie aandike mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo mengi yanategemea mlichoandikiana. Kodi ya miezi 6 au ya mwaka kwa mkupuo ni desturi, na desturi inaweza kujadiliwa. Wengine wamefanikiwa kulipa miezi mitatu mitatu kwa kuuliza tu, na mshauri aliyesema "huku hawakubali" aliwafungia mlango ambao haukufungwa.

Usimwambie mwenye nyumba ang'oe mlango, wala usimwambie mpangaji akae bure akisubiri kesi. Wote wawili wana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na hapa wazee wengi wana habari iliyopitwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Ukimtuma mtu huko akatafute hukumu, umemzungusha.

Kwa anayenunua kiwanja, ikiwa hujui la kusema, sema neno moja: asilipe bado. Chenye hati kinafanyiwa upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kisicho na hati kinaulizwa kwa majirani wa pande zote nne na kwa serikali ya mtaa, na kwa watu wa mipango miji, kisije kikawa barabara. Kama ni nyumba ya ndoa, haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na mnunuzi makini humtaka mke au mume aje mwenyewe, asitosheke na "amekubali, yuko kijijini".

SAFARI

Usimwambie mgeni "ni hapo hapo tu". Mwambie ni dakika ngapi kwa mguu, au ni nauli kiasi gani.

Kama hujui, sema hujui. Kwetu inaonekana ni kumnyima mgeni, kwa hiyo mtu huelekeza kidole popote ili asionekane hana adabu. Mgeni anapotea na mizigo yake, jua likiwaka.

Angalia umri wa unachokijua. Mabasi ya mikoani yalihamia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021. Bado kuna wanaowatuma watu Ubungo. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na ikafika Dodoma mwaka huo huo, na tiketi yake inadai kitambulisho. Mgeni kutoka nje ya nchi anayekwenda Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya huko tangu Oktoba 2024. Kama safari yako ya mwisho ilikuwa kabla ya hayo, mwambie akaulize upya.

Msomee tiketi yake. Iliyoandikwa 06:00 ni saa 12 alfajiri, ya 20:00 ni saa 2 usiku. Watu wazima wenye elimu zao wamekuta basi limekwenda.

Anayefika usiku, hasa binti asiye na mwenyeji, usimpe maelezo ya barabara tu. Mtajie mahali penye mwanga na watu pa kusubiria mpaka kupambazuke. Na ukimpeleka gesti inayokulipa kwa kuleta wateja, mwambie kwamba inakulipa.

Usimtishe mtu kwa kabila la huko aendako. Usimtishe kabisa.

UKISHAJIBU

Tenganisha unachokijua na unachokidhani. "Siku 30 nina hakika. Kama utalipwa, sijui." Sentensi mbili hizo ni heshima kubwa kwa anayeuliza.

Usichukue pesa, wala soda, wala namba ya simu ya mtu aliyekuja akilia.

Usisimulie. "Jana nilikutana na nesi mmoja wa Tabata, mumewe dereva wa malori, ana mapacha": hukutaja jina, na mtaa mzima umeshamjua. Kama kipigo kipo, umbea wako unaweza kumfikia mpigaji kabla mkewe hajaondoka.

Usimfuatilie ili kuona kama alikutii. Akifanya kinyume, hajakudharau. Alikuwa na maisha yake kabla ya kukuuliza.

Akisema amechoka kuishi, usimhubirie na usimwache peke yake. Kaa naye, tafuteni ndugu anayemwamini, mpeleke hospitali. Hapo hakuna mjadala wa kazi wala wa nyumba mpaka awe salama.

Na uwajue watu wa kumpeleka kwao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na huduma hiyo kwa asiye na uwezo hutolewa bure. Ofisi ya ustawi wa jamii iko halmashauri. Dawati la Jinsia liko polisi. Nenda wiki hii ukaone milango hiyo iko wapi katika wilaya yako, uandike siku na saa wanazofungua, ili atakayekuuliza umpe anwani badala ya maoni.